UZI: Nini hasa kiliiua Roswell Rockets? Homurani 72 mwaka 1954, miaka miwili baadaye timu haipo

#1 Kalamu ya Mkaa
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo kwenye beseboli ya Marekani ya miaka ya 1950 linanisumbua. Mji wa Roswell, jimbo la New Mexico, ulikuwa na timu ya ligi ndogo, yaani madaraja ya chini ya ligi kuu, inaitwa Rockets (Roketi). Iliingia Ligi ya Longhorn mwaka 1949. Mwaka 1954 mchezaji wao Joe Bauman alipiga homurani 72 ndani ya msimu mmoja. Kwa mgeni wa mchezo huu: homurani ni pale mpigaji anapoutwanga mpira ukavuka uzio, kisha anazunguka vituo vyote vinne kwa raha zake. Kabla ya hapo hakuna mchezaji wa kulipwa aliyewahi kufika hata 70, si ligi kuu wala ligi ndogo.

Msimu wa 1956 ukawa wa mwisho kwa Rockets. Mji wenye watu 25,000 na ushee, jitu kama hilo linapiga mipira nje ya uwanja kila wiki, halafu timu inakata roho. Inakuwaje?

Mimi nasema ni televisheni. Karibuni mnipinge.

#2 Chalii wa Moshono
Roswell? Ile ya alieni, viumbe wa sayari nyingine?

#3 Kibuyu
Basi jibu unalo mkuu. Walikuja wakabeba timu nzima na mipira yao. Uzi ufungwe.

#4 Kalamu ya Mkaa
Nilijua mtaanza na hilo. Ndiyo, Roswell hiyohiyo. Na jina Rockets bila shaka lilitokana na kile chombo cha 1947.

#5 Mwl. Semkiwa
Mleta mada, hapo umeteleza. Julai 1947 kambi ya jeshi ilitangaza imeokota "kisahani kinachoruka", kesho yake ikasema ni puto la hali ya hewa, na habari ikazima. Ilikuja kufufuka mwishoni mwa miaka ya 1970. Timu ya 1949 ingejiita jina la habari iliyokwishazimika kwa ajili gani?

Roswell ilikuwa na roketi za kweli. Robert Goddard, yule mwanafizikia aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji mwaka 1926, alihamia huko 1930 akawa anafanyia majaribio nje ya mji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mimi ningetafuta asili ya jina upande huo.

#6 Kibuyu
Mwalimu bwana, hata utani unatolewa maksi.

#7 Dereva wa 285
Huo mji napita nao sana, kazi yangu ni malori huku Texas na New Mexico. Barabara ya 285 inatoka Roswell inashuka Artesia, halafu Carlsbad. Roswell na Artesia ni maili 40 na kidogo, hakuna kona hata moja. Pale Roswell taa za barabara kuu zimechorwa macho ya alieni, na kuna McDonald's imejengwa kwa umbo la kisahani. Hata timu ya beseboli waliyo nayo sasa, ya Ligi ya Pecos, inaitwa Invaders (Wavamizi). Kwa hiyo Kibuyu, wenyewe wameshaukubali utani wako, wanakulia hela.

Wanacheza uwanja uleule aliochezea Bauman. Siku hizi una jina lake.

Kuhusu swali: mimi nasema umbali. Ligi ya Longhorn ilikuwa na miji kama Big Spring, Midland, Odessa, Sweetwater, San Angelo. Tazameni ramani. Hiyo yote ni Texas ya magharibi, mji na mji katikati ni vichaka na visima vya mafuta. Timu inasafiri kwa basi usiku, inacheza, inageuza. Nani analipia petroli na matairi wakati kiingilio ni senti?

#8 Kalamu ya Mkaa
Dereva, asante, hayo ya njiani ndiyo nilikuwa natafuta. Ila umbali ulikuwepo tangu 1949, na timu ilisimama. Haiwezi kuwa sababu ya kufa 1956.

#9 Dereva wa 285
Gari mbovu nalo huwa linatembea mkuu, mpaka siku linapogoma.

#10 Binti Pangani
Samahani, mnaruka mtu mwenyewe. Huyu Bauman alikuwa nani? Kama alikuwa mkali kiasi hicho alikuwa anafanya nini daraja la chini?

#11 Kalamu ya Mkaa
Swali zuri dada, ngoja nishuke nondo.

Kazaliwa Oklahoma 1922. Mtu wa mraba, urefu karibu mita 1.96, anapigia mkono wa kushoto. Alianza ligi ndogo 1941, akafanya vibaya, vita vikaja akaenda jeshi la majini. Aliporudi, 1946, alipiga homurani 48 akiwa Amarillo. Braves, timu ya ligi kuu ambayo enzi hizo ilikuwa Boston, wakamchukua, na 1948 akacheza Hartford kwenye timu yao ya chini. Baada ya msimu wakataka kumpunguzia mshahara. Akawajibu kwamba akiuza kamba za viatu kwenye kona yoyote ya Oklahoma City atapata zaidi ya hapo, akarudi kwao.

Miaka mitatu, 1949 hadi 1951, alichezea timu ya mtaani ya Elk City, Oklahoma, huku akiendesha kituo cha mafuta kando ya ile barabara maarufu ya 66. Mwaka 1952 Artesia wakamvuta: homurani 50. Mwaka 1953: 53. Mwaka 1954 kahamia Roswell, akafungua kituo cha mafuta cha Texaco. Mchana anajaza watu mafuta na kufuta vioo vya magari, jioni anavaa jezi. Msimu ule alicheza mechi 138, wastani wa .400 (yaani mapigo safi manne kwa kila majaribio kumi), na mara 150 alipewa kituo cha bure kwa sababu warushaji hawakutaka kumpa mpira wa kupigika. Umri miaka 32.

#12 Binti Pangani
Kumbe aligoma mwenyewe. Nimempenda.

#13 Ja-Nyanza
Wazee wa bongo, mimi ni jirani kutoka Kisumu, naomba nafasi. Hiyo rekodi ina walakini. Roswell iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira unasafiri. Wakimbiaji wetu wa Iten wanajua hewa ya juu inafanya nini, ila kwenye beseboli anayenufaika ni mpigaji. Ongeza upepo wa jangwani. Ongeza warushaji wa daraja C, moja ya madaraja ya chini ya ligi ndogo, wengine vijana wa miaka 19. Hiyo 72 mimi naipa kama 45 za kawaida.

#14 Kibuyu
Mkenya kaja na kikokotoo.

#15 Mwl. Semkiwa
Ja-Nyanza, hoja ya mwinuko ni ya kweli kifizikia. Lakini hewa ile waliivuta wote. Ligi ilikuwa na wapigaji wengi, warushaji walikuwa walewale, kwa nini 72 ni za mtu mmoja?

Na tukiwa kwenye haki za watu, kuna Bob Crues. Mwaka 1948, Amarillo, alipiga 69, akalingana na rekodi ya Joe Hauser ya mwaka 1933 kule Minneapolis. Msimu huo kuna mpira wake uligonga ubao wa matokeo uliokuwa nyuma ya uzio ukarudi uwanjani, mwamuzi akasema uligonga uzio, mchezo uendelee. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ile ilikuwa ya 70. Ingehesabiwa, Bauman angekuwa wa pili kufika huko.

#16 Ja-Nyanza
Sasa hapo ndiyo mnanipa raha. Kumbe hawakuwa na VAR.

#17 Msambaa Mwekundu
Hebu hadithieni hiyo siku aliyovunja rekodi. Nimeweka kambi hapa, chai iko mezani.

#18 Kalamu ya Mkaa
Siku ya mwisho ya msimu, 5 Septemba 1954, mechi mbili mfululizo, na zilichezwa wapi? Artesia, mji aliouhama. Alikuwa na 69, kalingana na Hauser na Crues. Kocha wake Pat Stasey akamweka wa kwanza kupiga badala ya nafasi yake ya kawaida ya katikati, ili apate zamu nyingi. Mara ya kwanza tu anasimama, mrushaji akiwa Mkuba José Gallardo, mpira ukavuka. Sabini. Mechi ya pili akaongeza mbili.

Na sasa sehemu ninayoipenda. Enzi hizo kati ya mashabiki na uwanja kulikuwa na wavu wa waya. Mchezaji akipiga homurani, akishamaliza kuzunguka anapita kando ya ule wavu, na watu wanamchomekea noti za dola kwenye matundu. Anazikusanya moja moja na jasho lake, mpinzani amekaa kwenye benchi anatazama. Ilikuwa desturi ya kanda ile. Artesia walimchomekea siku hiyo, ilhali jezi yake ilikuwa ya Roswell.

#19 Mama Taarabu
Haya ni matunzo kabisa! Anatunzwa kama Bi. Kidude jukwaani. Mimi beseboli siijui ila hapo nimeelewa.

#20 Chalii wa Moshono
Au tuseme goli la mama, toleo la 1954. Simba na Yanga walikuta wenzao walishaanza.

#21 Kalamu ya Mkaa
Na kulikuwa na kampuni ya nyama ya pale mjini iliyokuwa inampa paja la nguruwe kwa kila homurani. Piga hesabu ya mapaja.

#22 Kibuyu
Mapaja 72?? Huyu hakuwa mchezaji, alikuwa bucha.

#23 Mama Taarabu
Kwetu Tanga angerudisha yote 😂

#24 Msambaa Mwekundu
Tusitoke nje ya mada jamani. Kalamu, hoja yako ya televisheni hujaithibitisha. Mji wa watu 25,000 jangwani 1956, televisheni zilikuwa ngapi?

#25 Kalamu ya Mkaa
Idadi ya televisheni za Roswell sitakupa, ila tazama picha kubwa. Mwaka 1949 Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59 na watazamaji karibu milioni 40 kwa msimu. Kufikia 1963 ligi hazikufika 20. Katikati hapo, mwaka 1953, televisheni ya ABC walianza kurusha mechi ya wiki ya ligi kuu, mtangazaji Dizzy Dean. Na haikuonyeshwa kwenye miji yenye timu za ligi kuu! Ililengwa miji midogo kama hii. Ukishamwona Mickey Mantle, nyota wa ligi kuu, sebuleni kwako, utatoka kwenda kumwona muuza mafuta?

#26 Dereva wa 285
Ningetoka. Muuza mafuta kanifutia kioo asubuhi, jioni namwona anapiga. Mantle hanijui.

#27 Mwl. Semkiwa
Kalamu, umeanza katikati. Kabla ya televisheni kulikuwa na redio. Kuanzia 1948 kulikuwa na mtandao wa redio unaitwa Liberty, wa Gordon McLendon, makao Dallas. Yeye hakuwa hata uwanjani. Taarifa zilikuja kwa telegrafu, naye studio anatengeneza mechi: sauti za watu, mlio wa rungu, muuza karanga anapiga kelele. Texas nzima na majirani zake wakawa wanasikiliza ligi kuu kila siku. Kisha 1951 ligi kuu wakafuta kanuni yao iliyokuwa inazuia matangazo kuingia kwenye miji ya ligi ndogo. Wakati Dizzy Dean anafungua kinywa, mgonjwa alishakuwa kitandani.

#28 Ja-Nyanza
Mtu anatangaza mechi asiyoiona? Hiyo kazi ningeifanya vizuri sana.

#29 Fundi Friji
Wakuu, mimi ni mtu wa vipooza hewa na mmenisahau. Miaka hiyohiyo ya 1950 ndiyo vipoozeo vilianza kuingia majumbani kusini-magharibi mwa Marekani. Zamani watu walikwenda uwanjani jioni kwa sababu nyumba ilikuwa tanuri. Nyumba ikipoa, nani anatoka kwenda kukaa kwenye ubao? Sababu ndiyo hiyo, televisheni ilikuta watu wamekwishakaa ndani.

#30 Dereva wa 285
Fundi, heshima yako, ila Roswell ni jangwa la juu. Mchana linakuchoma, jua likizama unatafuta jaketi. Na mechi zilichezwa usiku. Hoja yako ipeleke Houston.

#31 Fundi Friji
Sawa, lakini usiku wa Julai pale bado unalala dirisha wazi. Sijakubali.

#32 Kijana wa Uvira
Jamani, salamu. Mimi ni Mkongo, niko Abilene, Texas. Tuko wengi hapa, tulikuja kama wakimbizi, wazungu wa hapa wameshazoea kusikia Kiswahili dukani. Nimefanya kazi na mzee mmoja wa hapa, baba yake alikuwa na shamba la pamba. Ukimtajia miaka ya 1950 hasemi televisheni. Anasema ukame. Miaka saba hivi, kuanzia 1950 mpaka 1957, mvua ilikataa Texas na sehemu za New Mexico. Watu waliuza ng'ombe, waliacha mashamba, waliingia mjini kutafuta kibarua. Shabiki wa timu ndogo ni nani? Ni mkulima anayekuja Jumamosi na watoto. Huyo hakuwa na dola ya kuchomeka kwenye waya.

#33 Binti Pangani
Hii ndiyo ya kwanza iliyonigusa. Asante kaka wa Uvira.

#34 Kalamu ya Mkaa
Ukame unakubalika. Ila Uvira, msimu wa 1954 ulikuwa katikati kabisa ya ukame huo, na dola zilichomekwa.

#35 Kijana wa Uvira
Siku ya rekodi. Na Jumanne ya kawaida je?

#36 Mzee wa Reli
Nimesoma kimya, sasa nachangia. Kwa miaka mingi nilihudumu kwenye kamati ya timu ya mpira wa miguu ya wilaya, jina naliacha. Tulikuwa na uwanja unajaa. Vilipofunguliwa vibanda umiza vitatu stendi, na Ligi ya Uingereza Jumamosi, uwanja ukabaki na sisi viongozi na wauza miwa. Kwa hiyo Kalamu namwelewa. Lakini nawaambia ukweli, timu yetu haikuuliwa na vibanda. Mfadhili wetu mmoja alihama mji, basi. Timu ya mji mdogo huwa inasimama juu ya watu wanne watano wenye duka, lori au mashine. Mmoja akichoka, imekwisha, halafu wengine mnabaki kulaumu televisheni.

Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa nchi 1986, leo iko wapi? Ubingwa haulishi timu. Wala homurani 72.

#37 Chalii wa Moshono
Mzee wa Reli nakazia 🙌

#38 Ja-Nyanza
Sasa mbona hakuna aliyetaja vita vya Korea? 1950 hadi 1953 vijana walichukuliwa jeshini, timu ndogo zikakosa wachezaji.

#39 Mwl. Semkiwa
Walijaza pengo kwa Wakuba. Pat Stasey kabla ya kuja Roswell alikuwa Big Spring, na timu yake pale ilijaa Wakuba walioletwa kupitia Joe Cambria, msaka vipaji wa timu ya ligi kuu ya Washington. Gallardo niliyemsoma kwenye #18 ni wa wimbi hilohilo. Vita iliumiza ligi nyingi, hii si sana.

#40 Dereva wa 285
Nina swali kwa wote wa televisheni, redio, ukame na friji. Carlsbad. Ni saa moja na nusu tu kusini mwa Roswell. Hali ya hewa moja, redio moja, ukame mmoja. Timu yao, Potashers, ilikuwa ligi hiyohiyo ya Longhorn. Longhorn ilipokufa 1955 wakaingia Ligi ya Southwestern pamoja na Roswell, ile ikafa 1957, wakaingia Ligi ya Sophomore wakacheza mpaka 1961. Kwa nini wao walidumu?

Jibu langu: jina lao lenyewe. Carlsbad kulikuwa na migodi ya potashi, ile chumvi ya mbolea. Mgodi unalipa mshahara mvua inyeshe isinyeshe.

#41 Mzee wa Reli
Si nimesema? Mfadhili.

#42 Kalamu ya Mkaa
Roswell nayo ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi la anga, Walker, na ilikuwepo mpaka 1967. Mishahara ya serikali, mvua inyeshe isinyeshe. Mbona haikuwaokoa?

#43 Dereva wa 285
Mwanajeshi leo yupo, kesho kahamishwa. Hana timu ya kwao pale.

#44 Mwl. Semkiwa
Carlsbad ya mwishoni iliponea kwa njia nyingine: walikuwa chini ya Chicago Cubs, timu ya ligi kuu. Timu kubwa inaleta wachezaji na kuwalipa, mji unatoa uwanja. Ligi ya Longhorn klabu nyingi zilijitegemea, zikanunua mchezaji na kumuuza zenyewe. Mfumo wa kujitegemea ndio uliokufa, na ndio uliomwezesha mtu kama Bauman kuwepo. Klabu kubwa isingempa nafasi mtu wa miaka 32 mwenye kituo cha mafuta, ingeweka kijana wa 19 wa kumkuza.

Na ushahidi ni kwamba Roswell walirudi 1959 kwa muda, chini ya Pittsburgh Pirates. Miongoni mwa vijana walioletwa alikuwa Willie Stargell, aliyekuja kupiga homurani 475 ligi kuu na kuingia Jumba la Heshima, la magwiji wa beseboli, 1988. Msimu huo kwenye miji ile hakuruhusiwa kulala hoteli na wenzake weupe, na huko Plainview, Texas, mtu alimwekea bunduki akimtishia asicheze. Alicheza.

#45 Binti Pangani
Kumbe. Tunasifia waya na dola, kumbe kuna waliokuwa wanaingia uwanjani na roho mkononi.

#46 Ja-Nyanza
Carlsbad mmenikumbusha. Si ndiko mchezaji Gil Carter alikopiga ule mpira wa 1959 unaosemekana ulikwenda zaidi ya futi 700? Ati walikuja kuuokota chini ya mti wa mpichi mitaani.

#47 Kibuyu
Futi 700 ni zaidi ya mita 200. Hiyo chai, tena ya maziwa.

#48 Msambaa Mwekundu
Kibuyu wewe uliyeanza na alieni ndiye unakataa mpira?

#49 Binti Pangani
Bauman mwenyewe aliishia wapi?

#50 Kalamu ya Mkaa
Alibaki Roswell. 1955 alipiga 46, 1956 vifundo vikamchosha, 17 tu, akaacha. Jumla ligi ndogo 337. Aliendelea na mafuta, baadaye biashara ya kusambaza bia. Rekodi yake ilikaa miaka 47 mpaka Barry Bonds alipopiga 73 mwaka 2001. Tangu 2002 kuna tuzo yenye jina lake kwa anayeongoza homurani ligi ndogo, walianza kwa kulipa dola 200 kwa kila moja. Agosti 2005 uwanja ukapewa jina lake, siku ya sherehe akaanguka akavunjika nyonga, Septemba akafariki.

#51 Mama Taarabu
Dola 200 kwa kila moja. Wangeendelea na mapaja, bei ya nyama siku hizi ni kubwa kuliko hiyo.

#52 Fundi Friji
Kalamu, umeandika mwenyewe: 1955 kapiga 46, 1956 kapiga 17. Timu ikafa 1956. Mnazunguka redio na ukame, kumbe watu walikuwa wanakwenda kumtazama mtu mmoja, mtu kazeeka, wamebaki nyumbani. Kwenye ubaridi.

#53 Dereva wa 285
Na Longhorn yote ilikufa 1955 kwa sababu ya vifundo vya Bauman? Big Spring nao walikuwa wanamtazama?

#54 Fundi Friji
Akienda kucheza kwao, ndiyo.

#55 Mzee wa Reli
Dereva, ukipita tena pale Roswell muulize mtu mzima yeyote nani alikuwa mwenye duka aliyekuwa analipia basi. Nasubiri.